Runinga ya Voi: kutoka Vuria hadi kivinjari

Vuria ndicho kilele cha juu kabisa cha Milima ya Taita, mita 2,208, na milingoti ya mawasiliano iliyosimama pale haikuwekwa kwa mapambo. Mawimbi ya runinga huenda moja kwa moja. Enzi za analojia, yalipokuta kilima, picha iligeuka chenga. Katika nchi ya miinuko kama hii, mtu aliona vizuri na jirani yake nyuma ya mteremko akaambulia sauti tu.

Matangazo ya runinga yalianza Kenya mwaka 1962, na kwa karibu miaka thelathini stesheni ilikuwa moja, ya serikali, iliyojulikana kwa muda mrefu kama Voice of Kenya kabla ya kuitwa KBC mwaka 1989. KTN ilifuata 1990. Mtazamaji alikula alichopakuliwa, saa aliyopakuliwa.

Kule Marekani, mwaka 1996, kulizinduliwa WebTV, kisanduku kilichounganisha runinga na laini ya simu ili watu wafungue kurasa za intaneti sebuleni. Microsoft iliinunua kampuni hiyo mwaka uliofuata kwa dola milioni 425, kisha huduma ikafungwa 2013. Aliyewahi kutumia kivinjari cha runinga, programu ya kufungulia kurasa hizo, ataelewa shida yake. Unabonyeza mshale wa rimoti kulia mara nne kuifikia herufi moja, chini mara mbili kuifikia ya pili, ukikosea unafuta na kuanza upya, na ukurasa ukifunguka maandishi yake hayasomeki kutoka kwenye kochi.

Kwetu intaneti ya kasi ilitoka baharini. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na kutoka pale njia ya kwenda Nairobi hupita Voi, mji jirani na Milima ya Taita, uliofikiwa na reli mwishoni mwa karne ya 19. Lakini kupita si kuingia. Kwa muda mrefu filamu ziliifikia runinga kwa mkono: unakwenda duka la muvi na flashi yako, unajaziwa, mara nyingi zile zilizosimuliwa na DJ Afro, unaichomeka nyuma ya runinga, jioni nyumba inajaa.

Mwaka 2015 mambo yalikuja kwa mkupuo. Mwezi Februari NTV, KTN na Citizen zilitoweka hewani kwa wiki kadhaa kwenye mvutano wa kuhamia dijitali, na watu wakalazimika kutafuta ving'amuzi. Mwezi Mei Safaricom ikatoa Big Box, king'amuzi kilichobeba pia intaneti. Wazo lilikuwa sahihi, ingawa chombo chenyewe hakikudumu sokoni.

Jambo la Aprili mwaka huo halikupewa uzito, nami naliona kubwa kuliko yote. YouTube ilikata programu yake kwenye runinga nyingi zilizoundwa karibu na 2012 au kabla. Runinga hizo hazikuwa mbovu. Runinga za rika hilo zimekuwa zikiletwa Kenya zikiwa mitumba, na anayenunua hukagua kioo na sauti, si umri wa programu. Ushauri uliotolewa kwa wenye runinga hizo ulikuwa huu: kama ina kivinjari, fungua YouTube humo.

Hapo ndipo kivinjari kilichodharauliwa kinapoonyesha thamani yake. Programu huishi mradi kampuni inataka. Ukurasa wa intaneti hufunguka popote penye kivinjari kinachosasishwa. Hata programu za runinga za LG tangu 2014 na Samsung tangu 2015 kwa kiasi kikubwa huandikwa kwa lugha zile zile za kurasa za intaneti, ila zimefungiwa kwenye duka la mwenye runinga. Kijana wa Mwatate, huku huku Taita, mwenye kipindi cha Kidawida, lugha ya huku, hana haja ya kupiga hodi kwenye maduka hayo yote. Ukurasa mmoja unamtosha, na mtazamaji anaweza kuandika anwani yake kwa simu iliyounganishwa na runinga badala ya rimoti.

Mamlaka ya Mawasiliano huidhinisha ving'amuzi kabla havijauzwa. Runinga zenye intaneti nazo ziulizwe swali moja dukani, jibu liandikwe kwenye boksi: kivinjari hiki kitasasishwa hadi mwaka gani?