Teke la Mgeni: Wachezaji wa Australia Mjini Minneapolis

Mswahili anayehamia Minneapolis hukutana mapema na neno linalomtatiza. Kwao mpira ni mpira, na mwenye mpira ni mguu. Huku wenyeji wakisema mpira wanakusudia mchezo wa mikono na mabega, ambao mguu huitwa pale tu mambo yanapoharibika. Timu ikijaribu mara tatu kusogea yadi 10 ikakwama, huingizwa mpiga teke. Anaupeleka mpira mbali kadiri awezavyo, kisha anarudi benchi. Ni kazi isiyoimbiwa. Ajabu ni kwamba ukiifuatilia historia yake katika mji huu unawakuta watu waliotoka upande wa pili wa dunia.

Wa kwanza hakuja kama rafiki. Pat O'Dea alizaliwa jimbo la Victoria mwaka 1872 na akakulia katika futiboli ya Australia, mchezo wa uwanja wa mviringo ambao kijana hujifunza kupiga mpira akiwa mbioni kabla ya kujifunza mengine. Mwaka 1896 alimfuata kaka yake Andy, aliyekuwa kocha wa makasia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, na akaingia timu ya chuo. Wakati ule ulimfaa. Kurusha mpira mbele kulikuwa bado kumekatazwa, marufuku iliyoondolewa mwaka 1906, na goli la teke lilihesabiwa pointi 5, si pungufu ya mpira uliobebwa hadi mwisho wa uwanja. Mwaka 1898, dhidi ya chuo cha Northwestern, alifunga kutoka yadi 62. Novemba 1899 akaja Minneapolis na Wisconsin, wakaifunga timu ya Chuo Kikuu cha Minnesota 19 kwa 0 mbele ya watu wake.

Kilichofuata kinafaa riwaya kuliko makala ya historia. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza O'Dea alitoweka California, na wengi waliamini kwamba alijiunga na askari wa Australia akafia vitani. Mwaka 1934 akagunduliwa hai katika mji mdogo wa California, akiishi kwa jina la Charles Mitchell. Umaarufu, yaelekea, ulikuwa umemchosha. Alifariki mwaka 1962.

Baada ya O'Dea palikuwa na kimya kirefu. Pasi ya mbele iliubadili mchezo, na mguu ukashushwa cheo. Colin Ridgway, mruka juu wa Olimpiki ya Melbourne ya 1956, alionekana kwa muda mfupi na Dallas Cowboys mwaka 1965, basi.

Halafu akaja Darren Bennett, aliyezaliwa Januari 9, 1965. Huyu alikuwa mchezaji wa kulipwa kamili wa futiboli ya Australia: West Coast Eagles tangu 1987, kisha Melbourne, ambako alifunga magoli 87 katika msimu wa 1990 pekee. Mwaka 1993 alikwenda San Diego na mkewe kwa fungate, na huko akaomba kujaribiwa na Chargers, timu ya mji huo. Sijui wanawake wangapi wangevumilia fungate ya namna hiyo, lakini ndiyo iliyomfungulia maisha ya pili. Alifanya mazoezi na timu hiyo mwaka 1994, akapelekwa Amsterdam Admirals kujifunza mchezo, na mwaka 1995, akiwa mgeni kabisa wa ligi, akachaguliwa katika kikosi cha nyota wa NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani.

Alichobeba ni teke ambalo kila mtoto wa Melbourne analijua. Wamarekani waliupiga mpira ulale na kuzunguka kama risasi. Huenda mbali sana, lakini ukitua hukimbia utakako, mara nyingi hadi ndani ya eneo la goli, na hapo wapinzani huanzia yadi ya 20 bila jasho. Bennett aliusimamisha wima, akauangusha na kuupiga ncha ya chini, ukapaa ukibiringika kinyumenyume. Ukigusa nyasi, hudunda juu au kurudi nyuma, na wenzake wanapata muda wa kuudaka karibu na mstari wa wapinzani. Australia hilo lilikuwa teke la kumpasia mwenzako. Marekani likawa silaha.

Alifika Minnesota Vikings, timu ya kulipwa ya Minneapolis, mwaka 2004 akiwa na miaka 39. Nyumba ya timu ilikuwa Metrodome, uwanja wenye paa, kilomita moja hivi kutoka Cedar-Riverside, mtaa wenye maghorofa ya Wasomali na Waoromo. Mpiga teke hakusumbuliwa na upepo wala theluji. Baridi aliikuta ugenini. Januari 9, 2005, siku aliyotimiza miaka 40, Vikings waliitoa Green Bay katika mchujo huko huko Wisconsin, 31 kwa 17. Wiki moja baadaye Philadelphia ikawatoa wao, na msimu uliofuata mpiga teke alikuwa kijana Chris Kluwe.

Nyuma yake njia ilikuwa imekanyagwa. Nathan Chapman, naye mchezaji wa zamani wa Australia, alifungua Melbourne shule ya kuwaandaa wapiga teke kwa vyuo vya Marekani. Mmoja wa waliopita humo, Jordan Berry, alivaa jezi ya Vikings mwaka 2021, katika uwanja mpya uliojengwa palipokuwa Metrodome. Watazamaji hawakulishangaa teke lake. Wapiga teke wa timu pinzani nao walilipiga vilevile, na wengi wao hawakuwahi kuikanyaga Australia.