Uaminifu Wakati wa Mateso: Ushuhuda wa Mchungaji Gudina Tumsa (1929–1979)

Tunapofundisha habari za mashahidi wa imani, mara nyingi tunaanza na Polikarpo wa Smirna, na kuwasahau walio jirani nasi kwa mahali na kwa wakati. Mmoja wao ni Mchungaji Gudina Tumsa, Katibu Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus la Ethiopia tangu mwaka 1966 hadi kuuawa kwake mwaka 1979. Swali letu ni hili: uadilifu wa Mkristo katika mateso hutoka wapi?

Jibu tunaliona kwanza ofisini, kabla ya gerezani. Mwaka 1972 Kanisa lake liliwaandikia wahisani, kupitia Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, barua ambayo Gudina alikuwa na sehemu kubwa katika kuiandaa. Ilisema kwamba wahisani walikuwa wepesi kugharimia miradi ya maendeleo, lakini walisita kugharimia uinjilisti na kazi ya sharika. Kanisa lilikataa mgawanyo huo, kwa kuwa mwanadamu ni mmoja, mwili na roho. Lilikuwa neno gumu kutoka kwa mpokeaji kwenda kwa mtoaji. Hata hivyo lilisikiwa, na mwaka 1974 mkutano uliofanyika Nairobi ulilijadili.

Mwaka huohuo Mfalme Haile Selassie alipinduliwa, na baraza la wanajeshi, yaani Dergi, likashika utawala. Mwezi Machi 1977 lilikitwaa kituo cha redio cha Sauti ya Injili, Addis Ababa, kilichokuwa kikitangaza pia kwa Kiswahili. Gudina alikamatwa mwaka 1978, kisha tena mwaka 1979. Walioandika habari za maisha yake wanaeleza kwamba Rais Julius Nyerere alimwandalia njia ya kutoka nchini. Alikataa kuliacha kundi lake, akilitegemea fundisho la Paulo katika 2 Kor. 5:15, kwamba uhai wa Mkristo si mali yake mwenyewe. Tarehe 28 Julai 1979, baada ya ibada katika Usharika wa Urael, Addis Ababa, alitekwa, akauawa. Mkewe, Tsehay Tolessa, aliteswa vikali na kufungwa karibu miaka kumi. Mabaki ya Gudina yalizikwa mwaka 1992, baada ya Dergi kuanguka.

Tusikosee hapa. Kukimbia si dhambi, Bwana mwenyewe aliwaruhusu wanafunzi wake (Mt. 10:23). Gudina hakuyatafuta mateso. Alikataa kuuacha wito wake. Aliyekataa kuigawa Injili mbele ya fedha ndiye aliyekataa kuiacha mbele ya silaha. Wala kumtumaini Mungu si kuwa na hakika ya kuepushwa na mauti. Kwa miaka 13 jamaa zake hawakuwa na kaburi la kulilia, na Mungu alikuwa Mungu wao katika miaka hiyo yote.

Wengi wetu hatutaitwa kufa. Tutaitwa kusema kweli mbele ya mhisani, mbele ya mtawala, na mbele ya mzee wa kanisa mwenye mali. Mchungaji aliyezoea kuuza maneno madogo siku za amani, atashika nini siku ya taabu?