Vyombo vya Chumba cha Giza



Juma lililopita tulitembelewa na familia moja ambayo marehemu baba yao alikuwa mpiga picha mjini kwetu kwa zaidi ya miaka thelathini. Chumba alichofanyia kazi kinatakiwa kupangishwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kufika, akaipima kwa macho mashine ya kukuzia picha, akataja bei yake kwa kilo. Mabeseni ya kusafishia picha mama mwenye nyumba aliyataka kwa kukandia unga wa chapati. Yalibaki maboksi ya negativu, nayo hakuna aliyeyataka. Yalikuwa yamewekwa karibu na shimo la takataka, yakingoja kuchomwa. Waliomba ushauri wetu, nasi tuliomba siku chache za kufikiri.

Tumeona vema kueleza kwanza vyombo hivi vilitoka wapi, kwa kuwa vijana wetu wengi hawajapata kuingia katika chumba cha giza.

Upigaji picha ulipofika katika pwani yetu, ulikuja pamoja na giza lake. Tangu mwaka 1851 wapiga picha walitumia kioo kilichopakwa kolodioni na chumvi za fedha, na kioo hicho kilipaswa kupigwa picha na kusafishwa kabla hakijakauka. Kwa hiyo kila msafiri alichukua hema lake la giza. John Kirk alipiga picha katika safari ya Livingstone ya mto Zambezi iliyoanza mwaka 1858. James Grant alipiga picha huko Unguja mwaka 1860, kabla ya kwenda bara pamoja na Speke. Lakini kazi ya kusafisha vioo ndani ya hema dogo, katika jua letu hili, ilikuwa nzito mno hata Speke akahofia kwamba joto lingemuua mwenzake. Grant akaiacha kamera, akashika penseli. Tunapoona michoro yake tukumbuke kwamba ilizaliwa na jasho la chumba cha giza.

Mashine ya kukuzia ilikuja kuwa ya lazima baadaye. Zamani negativu ilikuwa kubwa kama picha yenyewe. Ililazwa juu ya karatasi na kumulikwa, basi. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, alifanya kazi hivyo hivyo kwa negativu za sentimita 13 kwa 18. Lakini kamera ya Leica, iliyoanza kuuzwa mwaka 1925, ilitumia mkanda mwembamba ambao kila picha yake ina milimita 24 kwa 36 tu. Picha ndogo hiyo haifai kitu mpaka ikuzwe. Ndipo mashine ile yenye nguzo ndefu, taa kichwani na lenzi tumboni ilipoenea katika studio za dunia nzima.

Kazi iliyofanyika chini yake ni rahisi kuisimulia. Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe haioni mwanga mwekundu, kwa hiyo taa ndogo nyekundu huruhusiwa. Karatasi humulikwa kwa sekunde kadhaa, kisha huzamishwa katika beseni la kwanza, na sura ya mtu huanza kujitokeza polepole. Beseni la pili huisimamisha dawa. La tatu ni la dawa ya kukazia, ambayo huondoa chumvi za fedha zilizobaki ili picha isiharibiwe na mwanga. Uwezo huo wa dawa ya tatu uligunduliwa na John Herschel mwaka 1819, miaka ishirini kabla ya upigaji picha kutangazwa kwa watu. Yeye ndiye pia aliyetupatia neno negativu.

Mwaka 2005 kampuni ya Kodak ilitangaza kuacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe, na mwezi Januari 2012 kampuni yenyewe iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake. Hata hivyo si kweli kwamba kazi hii imekufa. Karatasi za Ilford bado zinatengenezwa Uingereza, na za Foma katika Jamhuri ya Cheki. Mashine ya marehemu ingeweza kufanya kazi hata leo, ila bei ya karatasi ni kubwa kwa mifuko yetu.

Basi tulishauri nini? Kwanza, yale mabeseni yasiingie jikoni kamwe. Miaka thelathini ya dawa haiondoki kwa sabuni. (Mama alicheka, lakini tuliona hakuridhika.) Chupa za dawa zilizofutika maandishi zisimwagwe chooni wala karibu na kisima. Dawa ya kukazia iliyotumika ina fedha ndani yake; ukiipitisha katika nyuzi za chuma cha kusugulia sufuria, chuma huyeyuka na fedha hubaki. Mafundi wa zamani walijua jambo hilo, na wengine walipata chochote kwa kuiuza.

Mabeseni, taa nyekundu na saa ya kuhesabia sekunde vitakwenda kwa mwalimu wa kemia wa sekondari, ambaye alivipokea kwa furaha kuliko tulivyotarajia.

Kuhusu mashine yenyewe, tulimkatalia mnunuzi wa vyuma. Ukiondoa kichwa chake, ile nguzo na ubao wake ni kiti imara cha kamera ya kidijiti. Kamera hufungwa ikitazama chini, negativu huwekwa juu ya kioo cheupe kinachomulikwa kutoka chini, na picha hupigwa. Kompyuta huigeuza giza kuwa nuru. Lenzi ya zamani ina kuvu, kama lenzi nyingi za pwani, lakini nguzo haina tatizo lolote. Hivyo chombo kilichotoa picha katika negativu kwa miaka yote hiyo kitaendelea kuzitoa.

Sababu ya kuharakisha ni maboksi yale. Tulipofungua la kwanza tulipokewa na harufu ya siki, dalili kwamba mkanda wa asetati umeanza kuoza, na ukishaanza haurudi nyuma. Ndani mna arusi, komunyo ya kwanza, timu za mpira, picha za pasi, na watoto ambao sasa ni babu. Huko New York mwaka 1991 picha za Keïta zilionyeshwa bila jina la mpigaji wala la waliopigwa, na yeye mwenyewe alikuwa hai mjini Bamako. Jina lake lilirudishwa baadaye, na negativu zake zilikuwa zimehifadhiwa. Unguja nayo, studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 iliendelezwa na mwanawe Rohit, na kwa hiyo sura za mji wa zamani hazikupotea.

Marehemu wetu aliacha daftari lenye namba za bahasha na majina. Hapa ndipo familia haijaafikiana: mkubwa anasema picha ni mali yao, mdogo anasema ni za waliopigwa. Sisi tuliomba tu zisichomwe. Maboksi sasa yako katika chumba kikavu nyumbani kwetu, na binti wa marehemu huja kila Jumamosi alasiri kulinganisha bahasha na daftari. Amefika namba 212. Aliyepigwa picha katika studio ile na aje na jina lake kamili na mwaka, kama anaukumbuka.