Deni la Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Ninyi mlioketi katika makundi, mwombeni kiongozi wenu aandike ubaoni miaka hii: 1961, 1966, 1974 na 2004. Tutaihitaji.

Vijana wetu walio katika vyuo vikuu wana matatizo mengi. Vyumba vya kulala havitoshi, na kazi baada ya masomo ni ya kutafuta kwa taa. Leo nimechagua tatizo moja tu, kwa kuwa mengine hukua juu yake: ni nani amlipiaye mwanafunzi, naye mwanafunzi hurudisha nini?

Chuo chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 25 Oktoba, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Kilianza ndani ya jengo la TANU, kwa somo la sheria peke yake, na wanafunzi wake hawakufika 20. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Katika miaka hiyo Serikali ililipa karibu kila kitu, yaani mafunzo, chakula na malazi. Na fedha za Serikali zilitoka wapi? Nyingi zilitoka kwa mkulima wa pamba, kahawa na mkonge, ambaye mwanawe huenda hakuona hata darasa la tano. Mwanafunzi basi alikuwa na deni, ingawa hakutia sahihi karatasi yoyote.

Mwaka 1966 Serikali iliamua kulidai. Kila mhitimu angetumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili. Angeanza kambini, kisha kwa miezi 18 angefanya kazi yake ya kawaida na kupokea asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakakataa. Tarehe 22 Oktoba waliandamana mpaka Ikulu, na bango lao moja lilisema afadhali wakati wa ukoloni. Yafaa tuseme kweli: kijana kuulizia mshahara wake si dhambi. Lakini kusema maneno hayo mbele ya Mwalimu Nyerere, miaka mitano tu baada ya Uhuru, kulikuwa kumtia kidole jichoni. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawafukuza chuoni siku ile ile, wapatao 400. Akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa vijana wale waliruhusiwa kurudi baadaye. Miezi michache baada ya mkasa huo likaja Azimio la Arusha, Februari 1967.

Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaongeza sharti jingine, kwamba kijana afanye kazi kwanza ndipo aingie Chuo Kikuu. Sharti hilo lililegezwa baadaye, nami sitakaa hapo.

Badiliko kubwa lilikuja hazina ilipokauka. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi walitakiwa kuchangia gharama, na mwaka 2004 ikatungwa sheria ya Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005. Sasa karatasi ipo, na sahihi ipo. Fedha ya kujikimu, ambayo vijana huiita bumu, ikichelewa, wengine hulala njaa. Asiyepata mkopo humtazama baba, na baba hutazama zizi.

Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, makato ya mwenye ajira yalipanda hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwalimu apataye shilingi 800,000 hukatwa 120,000 kila mwezi. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Serikali iliondoa ile nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikilinenepesha deni, na wadaiwa wengi walishusha pumzi.

Sasa chukueni kalamu. Vijana wa 1966 walitakiwa kuacha asilimia 60 ya mshahara kwa miezi 18. Hiyo ni sawa na mishahara ya karibu miezi 11. Anayekatwa asilimia 15 huifikia hesabu hiyo katika miezi 72, yaani miaka sita. Basi mhitimu wa leo anayekatwa zaidi ya miaka sita ametoa sehemu kubwa ya mshahara kuliko ile waliyoikataa wenzake hata wakafukuzwa, wala hakuandamana. Tena wale wa 1966 walikuwa na kazi inayowangoja. Huyu wa leo hudaiwa hata akiwa anauza vocha za simu kituo cha basi huku cheti kimo sandukuni.

Kabla ya somo lijalo, zungumzeni katika kundi: mhitimu asiyepata mshahara angeweza kulipa deni lake kwa kazi gani hapa kijijini kwenu, na nani angeipima kazi hiyo? Mwandishi wa kundi aandike majibu, hata yale yanayopingana.