Kila Seli Ina Mzazi Wake

Mvua za kwanza zinyeshapo, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu wakaruka kuelekea kwenye taa. Jana hawakuonekana, leo wamejaa hewani. Mtu ambaye hajawahi kuchimba kichuguu aweza kudhani ya kuwa udongo na maji vimewazaa. Dhana hiyo tusiicheke, kwa maana wataalamu wakubwa waliishika kwa muda wa miaka elfu mbili. Aristotle, Mgiriki aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mikunga hutokea matopeni bila ya baba wala mama. Watu wengi wa Ulaya nao waliamini kwamba nyama ikioza, uozo wenyewe hugeuka kuwa funza.

Je, kitu chenye uhai ni kipi? Darasani twafundishwa alama zake saba: hujongea, hupumua, hula, hutoa takataka za mwili, hukua, huhisi, na huzaa. Alama hizi ni za kweli, walakini tukizichukua mojamoja zaweza kutupoteza. Utazame moto: hula kuni, hutaka hewa, huacha majivu, hukua, na huzaa moto mwingine, wala hakuna asemaye kwamba moto una uhai. Basi liko jambo la ndani zaidi. Jambo hilo ni seli, na historia ya kugunduliwa kwake ndiyo historia ya namna binadamu alivyojifunza kwamba kiumbe hai hutoka katika kiumbe hai kingine.

Mnamo mwaka wa 1665, Mwingereza aitwaye Robert Hooke alichapisha kitabu juu ya mambo aliyoyaona kwa hadubini. Miongoni mwa vitu alivyovichunguza kilikuwamo kipande cha gome jepesi, lile la kutengenezea vizibo vya chupa. Akaona ya kuwa gome hilo limegawanyika katika vyumba vidogo sana. Alivipa vyumba hivyo jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo, na kutoka jina hilo sisi tumepata neno seli. Akakadiria kwamba katika kipande cha gome chenye upana, urefu na kina cha inchi moja, vyumba hivyo vyapita milioni 1,200. Hata hivyo, gome lile lilikuwa limekwisha kufa. Hooke aliona kuta tu. Uhai uliokaa ndani hakuuona.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1668, tabibu mmoja wa Italia, Francesco Redi, aliamua kuipima imani ile ya funza. Alitia nyama katika vyombo, vingine akaviacha wazi na vingine akavifunika. Funza walionekana katika vyombo vilivyokuwa wazi peke yake. Ili asije mtu akasema kwamba nyama iliyofunikwa ilikosa hewa, akarudia kazi yake kwa kufunika vyombo kwa shashi. Hewa ilipita, nzi hawakupita, na funza hawakutokea. Ikadhihirika kwamba funza ni watoto wa nzi. Wazee wetu husema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Redi alionyesha kwamba hata mtoto wa nzi ana mzazi wake.

Lakini kabla mambo hayajatulia, huko Delft, katika nchi ya Uholanzi, akatokea mwuza vitambaa aitwaye Antoni van Leeuwenhoek. Mtu huyu hakusoma chuo kikuu, wala hakujua Kilatini, lugha ya wataalamu wa zama zile. Alijisugulia lenzi ndogo kwa mikono yake mwenyewe, na baadhi ya lenzi hizo ziliweza kukuza kitu zaidi ya mara 200. Mwaka 1676 aliwaandikia wataalamu wa Royal Society ya London habari za wanyama wadogo mno, aliowaona katika maji, wakiogelea huku na huku. Wengi hawakusadiki. Leeuwenhoek hakukasirika, aliwaalika watu waaminifu wa mji wake watazame kwa macho yao na kutoa ushahidi. Mwaka 1677 Hooke mwenyewe alijaribu, akawaona viumbe wale. Mwaka 1680 mwuza vitambaa yule akachaguliwa kuwa mmoja wa wataalamu wa chama kile.

Basi swali la kale likarudi kwa sura mpya. Nzi ana mzazi, sawa. Je, hawa wadogo wasioonekana kwa macho, nao wana wazazi? Au wao hujitokezea wenyewe katika maji?

Jibu lilikawia zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Mwaka 1838 Mjerumani Matthias Schleiden alitangaza kwamba mimea yote imejengwa kwa seli. Mwaka uliofuata, Theodor Schwann akasema hivyo hivyo juu ya wanyama. Jambo hili lilikuwa kubwa, kwa kuwa lilionyesha kwamba mgomba na ndovu, ingawa hawafanani hata kidogo, wameumbwa kwa matofali ya namna moja. Walakini wote wawili walikosea mahali pamoja. Schwann alidhani kwamba seli mpya hujitokeza katika majimaji, kama vile chembe za chumvi zitokeavyo maji yakaukapo. Kumbe imani ya funza na matope ilikuwa imerudi kwa mlango wa nyuma!

Aliyelisahihisha kosa hilo alikuwa Robert Remak, tabibu wa Berlin. Kwa miaka mingi alichunguza vifaranga wangali ndani ya mayai, akaona seli moja ikijigawa kuwa mbili. Mwaka 1852 alitangaza kwamba seli zote hutokana na kugawanyika kwa seli zilizotangulia. Remak alikuwa Myahudi, na desturi za serikali ya Prussia hazikumruhusu Myahudi kuwa profesa kamili asipoacha dini yake. Yeye hakuiacha, na cheo hicho hakukipata mpaka alipofariki mwaka 1865. Rudolf Virchow, tabibu mashuhuri wa mji ule ule, aliandika mwaka 1855 kwamba kila seli hutoka katika seli, na mwaka 1858 akalieneza jambo hilo kwa kitabu chake. Sifa zikamwendea Virchow, na jina la Remak likasahauliwa na wengi. Kwa hiyo, mwanafunzi uandikapo daftari lako la sayansi, mtaje yule uliyejifunza kwake. Kumnyima mtu haki ya kazi yake ni dhuluma, hata akiwa hayupo kuidai.

Ilisalia kuwajibu wale walioamini kwamba vijidudu hujitokezea katika supu na maziwa. Kazi hiyo aliifanya Mfaransa Louis Pasteur, kati ya miaka ya 1859 na 1862. Alichemsha mchuzi katika chupa zenye shingo ndefu zilizopindwa mfano wa shingo ya bata-maji. Hewa iliweza kuingia, lakini vumbi na vijidudu vilinaswa penye pindo. Mchuzi ukakaa bila kuharibika. Shingo ilipovunjwa, vijidudu vikaingia, na mchuzi ukaharibika.

Usidhani kwamba hayo yalikuwa mabishano ya watu wasio na kazi. Ikiwa vijidudu hujizaa vyenyewe ndani ya kidonda, tabibu hana la kufanya. Lakini ikiwa vina wazazi, basi njia yao yaweza kuzibwa. Joseph Lister wa Uingereza, aliyesoma maandishi ya Pasteur, alianza mwaka 1865 kuosha vidonda kwa dawa ya kaboliki, na mwaka 1867 akatangaza matokeo mema ya kazi hiyo. Kila mara mkunga anaponawa mikono kwa sabuni, na kila mara mama anapochemsha maziwa, historia hii yaendelea kuokoa watu.

Maswali hayakwisha. Virusi, kwa mfano, havina seli. Haviwezi kuzaana mpaka viingie ndani ya seli ya kiumbe kingine, na wataalamu hubishana kama vihesabiwe kuwa hai. Tena, namna seli za kwanza kabisa zilivyotokea duniani, zaidi ya miaka milioni 3,000 iliyopita, ingali ikichunguzwa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Lakini lile lililothibitika limethibitika. Mwili wa mtu mzima una seli zaidi ya trilioni 30, na zote zilitokana na seli moja iliyokuwa katika tumbo la mama yake. Seli hiyo nayo ilitokana na seli za wazazi wawili, nazo zikatokana na nyingine, nyuma na nyuma, nasaba isiyokatika hata mara moja. Kumbikumbi arukaye penye taa ana nasaba kama hiyo, ndefu sawa na yetu.