Kufuliza: historia fupi ya deni dogo lisiloisha

Neno kufuliza ni la zamani kuliko simu ya mkononi. Katika Kiswahili cha kawaida mtu hufuliza anapofanya jambo bila kukatiza: mvua imefuliza siku tatu, mgeni amefuliza hadi sebuleni bila kubisha hodi. Januari 2019 Safaricom, pamoja na benki za CBA na KCB, walipolichukua neno hilo kuwa jina la ovadrafti ya M-Pesa, nadhani walitaka kutuambia kwamba shughuli zako ziendelee hata salio likiisha. Mimi ambaye riziki yangu ni kuandika programu nilisikia kitu kingine: kitanzi. Sisi wa kompyuta tunaita hivyo agizo linalojirudia na kujirudia mpaka sharti fulani litimie. Sharti lisipotimia, mashine haichoki.

Basi leo, ndugu msomaji, tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata. Nataka tuangalie deni kama tunavyoangalia msimbo wa mtu mwingine: limeandikwa lini, na nani, na mlango wa kutokea uko wapi. Swali langu ni moja. Kwa nini mwenye kipato kidogo hukwama kwenye deni la shilingi mia nane, wakati jirani yake mwenye mshahara anamaliza la laki moja?

Ovadrafti haikubuniwa kwa ajili ya maskini. Ilianza mwaka wa 1728 mjini Edinburgh, Uskoti. Mfanyabiashara mmoja, William Hogg, alikuwa na shida ambayo kila mwenye duka anaijua: wadai wake walitaka pesa leo, wadaiwa wake wangelipa kesho kutwa. Royal Bank of Scotland, ambayo ilikuwa imeanzishwa mwaka mmoja tu kabla ya hapo, ikamruhusu atoe hadi pauni 1,000 zaidi ya zile alizokuwa nazo. Siku hizo hizo zilikuwa pesa nyingi mno. Uzuri wa mpango ule ulikuwa kwenye hesabu yake: ukitoa kidogo unalipa riba kidogo, ukirudisha mapema riba inakatika. Gharama ilifuata ukubwa wa deni na idadi ya siku. Shika hilo, tutalirudia.

Huku kwetu benki zilifika mapema kuliko wengi wanavyodhani. National Bank of India ilifungua tawi Mombasa mwaka wa 1896. Lakini ovadrafti ilikuwa ya mwenye shamba la hati au duka la kuagiza bidhaa. Kwa Mwafrika, sheria ya kikoloni ya mwaka wa 1948 kuhusu mikopo iliweka mpaka wa shilingi 200. Walisema ni kumlinda asizame kwenye madeni. Alilindwa sana, hadi hakupata mtaji. Ndiyo sababu vyama vya kuweka na kukopa, sacco kama tunavyoziita, vikashika mizizi: mtu alikopa kwa akiba yake na kwa dhamana ya wenzake.

Kadi ya mkopo nayo ina mji wake wa kuzaliwa. Diners Club ya New York ilitangulia mwaka wa 1950, lakini ile ilidai ulipe yote mwisho wa mwezi. Kadi tunayoijua sisi, inayokuruhusu kubeba deni kutoka mwezi hadi mwezi, ilipata umaarufu Septemba 1958 pale Bank of America ilipowatumia wakazi wa Fresno, California, kadi takriban 60,000 kwa posta. Hawakuwa wameomba. Mtu anafungua bahasha, anakuta ruhusa ya kukopa dola 300 au 500. Benki ilikadiria kwamba asilimia 4 ya akaunti zingechelewa kulipwa. Ikawa asilimia 22. Kwa miezi kadhaa ilikuwa hasara tupu, na aliyeusimamia mradi ule akaondoka. Lakini benki haikuifunga. Iliurekebisha mfumo, ikaendelea, na kadi ile ndiyo iliyokuja kuitwa Visa mwaka wa 1976. Mwaka wa 1970 Marekani ilikuwa tayari imepiga marufuku kutuma kadi kwa mtu asiyeomba.

Siri ya kadi iko kwenye kiasi cha chini cha kulipa. Mwezi ukiisha unaambiwa: unadaiwa 50,000, lakini ukilipa asilimia 5 tu ya salio tutakuona muungwana. Nilikaa nikaandika programu ya mistari kumi na kitu kuipima habari hiyo. Nilichukua mfano wa deni la 50,000, riba ya asilimia 3 kwa mwezi, bila kununua kitu kingine chochote. Mwezi wa kwanza riba inalifikisha 51,500, na asilimia 5 yake ni 2,575. Unalipa. Mwezi wa pili salio limepungua kidogo, basi na kiasi cha chini kimepungua kidogo. Na wa tatu vivyo hivyo. Unajiona unapata nafuu kumbe unapunguziwa mwendo. Baada ya miezi 32 ya kulipa kwa uaminifu, programu ilinionyesha kwamba nusu ya deni bado ipo.

Nikabadilisha mstari mmoja tu. Badala ya asilimia 5 ya salio, nikaweka 2,575 ile ile kila mwezi bila kuipunguza. Deni likaisha mwezi wa 30. Malipo ya kwanza ni yale yale! Hakuna aliyeongezwa mshahara. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza kiasi cha malipo kilikuwa kinapangwa na deni lenyewe, mara ya pili kilipangwa na mdaiwa. Wamarekani walichelewa kuliona hili kwa maandishi: ni sheria yao ya kadi ya mwaka wa 2009 iliyolazimisha kila taarifa ya mwezi ionyeshe utachukua miaka mingapi ukilipa kiasi cha chini, na ulipe kiasi gani ukitaka kumaliza kwa miezi 36. Kwa maoni yangu kile kisanduku kidogo kwenye karatasi ni mojawapo ya vipande bora vya ubunifu wa kiolesura, na hakuna aliyekipa tuzo.

Turudi nyumbani. M-Pesa ilianza Machi 2007 kutuma pesa, sio kukopesha. Novemba 2012 ikaja M-Shwari, ya Safaricom na CBA: mkopo kuanzia shilingi 100, siku 30, ada ya asilimia 7.5. Usipolipa kwa siku 30, unaongezewa asilimia 7.5 nyingine. Neno la kutazama hapa ni ada. Septemba 2016, Kenya ilipoweka kikomo kwa riba za benki, pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, asilimia 7.5 ya mwezi haikuguswa, kwa kuwa haikuitwa riba. Kikomo chenyewe kiliondolewa Novemba 2019. Sisi waandishi wa programu tunajua kwamba kubadilisha jina la kigezo hakubadilishi thamani yake, lakini inaonekana mambo ya sheria ni tofauti.

Halafu Fuliza. Hebu tulisome jedwali lake la 2019 kama tunavyosoma msimbo. Kila unapochukua, asilimia 1. Kisha ada ya kila siku kwa madaraja: shilingi 2 kwa deni lisilozidi 100, 5 hadi 500, 10 hadi 1,000, 20 hadi 1,500, 25 hadi 2,500, na kuanzia hapo hadi 70,000 ni shilingi 30. Umeona? Daraja la mwisho halina ngazi tena. Mwenye deni la 60,000 analipa 30 kwa siku sawa na mwenye 2,600. Kwa mwezi mzima, 60,000 zinamgharimu 600 za kuanzia na 900 za siku, jumla 1,500, yaani asilimia 2.5. Mwenye deni la 800 analipa 8 na 300, jumla 308. Hiyo ni asilimia 38.5 kwa mwezi mmoja.

Bwana Hogg wa Edinburgh angeshangaa. Ovadrafti yake ilikuwa ya bei moja kwa kila pauni. Yetu ilimtoza zaidi, kwa kila shilingi, yule aliyekopa kidogo. Oktoba 2022 madaraja ya chini yalipunguzwa: deni la 101 hadi 500 likawa shilingi 2.50 kwa siku, la 501 hadi 1,000 likawa 5, na siku tatu za kwanza zikawa bure kwa madeni yasiyozidi 1,000. Kwa hesabu hiyo 800 za mwezi mzima zinagharimu 143, karibu asilimia 18. Nafuu, ndiyo. Lakini umbo la jedwali ni lile lile.

Sasa mlango wa kutokea. Ugumu wa ovadrafti ya simu sio ada peke yake. Ni kwamba pesa yoyote inayoingia humezwa kwanza na deni. Jirani yangu mmoja anauza sukuma na nyanya, na mwaka wa 2021 aliniomba nimsaidie kusoma jumbe za simu yake kwa sababu hakuelewa pesa zinapotea wapi. Tukazinakili moja moja kwenye lahajedwali. Picha ilikuwa hivi: alfajiri anakopa 900 kununua mzigo sokoni, wateja wanalipa kwa simu, kila malipo yanamezwa, jioni salio ni sufuri, alfajiri anakopa tena 900. Deni halikuzidi wala halikupungua kwa miezi. Hakuwa mtu wa anasa. Mtaji wake wote ulikuwa umegeuka kuwa wa mkopeshaji, naye anaukodi kila siku.

Kumwambia alipe 900 kwa mkupuo ni mzaha, hakuwa nazo. Tulichofanya ni kupunguza hatua kwa hatua: leo kopa 900, kesho 850, keshokutwa 800. Shilingi 50 pungufu kila alfajiri, ikijazwa na faida ya jana aliyoiweka pembeni taslimu kabla ya kitu kingine chochote. Siku ya tisa alikuwa anakopa 500, na kila aliposhuka daraja gharama ya siku ikashuka naye. Kulikuwa na siku mbili za mvua aliporudi nyuma, na siku moja ya karo. Ilimchukua karibu mwezi badala ya siku kumi na tisa za hesabu yangu. Salio liliposimama sufuri tukaitoa laini yake kwenye huduma ile kabisa, maana mlango ukiachwa wazi mtu hurudi kwa mazoea tu.

Alikuwa pia na mkopo wa benki wa 4,000 kwa simu, na ndugu zake walimshauri amalize huo kwanza kwa kuwa ndio mkubwa. Hapa ndipo historia ya jedwali inaposaidia. Usipange madeni kwa ukubwa, yapange kwa senti ambazo kila shilingi inakula kwa siku. Asilimia 7.5 kwa mwezi ni ghali, lakini mbele ya asilimia 38 ni mtoto. Na mkopo wa nafuu ukipatikana kweli, ni halali kuutumia kuua wa ghali. Sacco nyingi kwa miaka mingi zimetoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Hazina ya Hustler ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022 ilikuja na asilimia 8 kwa mwaka, na asilimia 5 ya mkopo inawekwa akiba. Shilingi 500 kwa bei hiyo ni karibu senti 11 kwa siku, ukilinganisha na shilingi 2 na senti 50. Sharti ni kwamba ukishalipa la ghali usilifungue tena, la sivyo umejiongezea la pili.

Sheria nayo ina milango ambayo watu hawaijui. Tangu Mei 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema kwamba deni la benki likishaacha kulipwa, riba inayoongezwa haiwezi kupita kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki siku hiyo. Uliachia 20,000, wakudai 40,000 na gharama za kufuatilia, basi. Ukipokea barua yenye tarakimu inayokimbia kuliko hapo, omba taarifa kamili ya akaunti kwa maandishi kabla ya kuahidi chochote.

Kuhusu CRB, Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wa programu wasiosimamiwa kupeleka majina huko, na ikasema deni la chini ya shilingi 1,000 lisimchafulie mtu jina. Kanuni za Machi 2022 zikakataza vitisho, matusi na ule mtindo wa kupigia simu watu waliomo kwenye orodha yako ya mawasiliano. Kisha kuanzia Novemba 2022 hadi mwisho wa Mei 2023 Benki Kuu iliwaomba wakopeshaji wawasamehe walau nusu ya deni wale walioshindwa kulipa mikopo ya simu ya muda usiozidi siku 30. Ilikadiriwa kwamba mpango huo ungewafikia watu milioni 4.2, kwa mikopo ya karibu shilingi bilioni 30. Gawanya mwenyewe: ni kama shilingi 7,000 kwa kila mtu.