Nyumba ya Lidia: Uimbaji na Wanaotoka Gerezani

Matendo ya Mitume 16 husomwa mara nyingi kwa ajili ya mstari wa 25, Paulo na Sila wakiimba usiku wa manane, miguu yao imefungwa kwa mkatale. Mstari wa 40 hausomwi sana. Humo wanatoka gerezani, wanaingia nyumbani mwa Lidia na kuonana na ndugu. Tabora ndiko liliko Gereza Kuu la Uyui. Wakristo wa mji huo wana sababu ya kuusoma.

Unyanyembe ya kale ilikuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Kirangozi alitangulia, akaanzisha wimbo, wapagazi wa Kinyamwezi wakaitikia. Wimbo ulipanga hatua na kuwapa moyo wenye mizigo ya pembe za ndovu. Aliyejiunga njiani aliingia msafarani kwa kuitikia tu. Njia hiyohiyo, ole wake, ilipitiwa pia na watu waliofungwa minyororo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi ilififia, lakini desturi ya kuitikiana haikufa.

Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 iliruhusu baadhi ya wafungwa kumalizia adhabu uraiani. Sheria humfikisha mtu mtaani, haimpi mwenzi. Huko Uingereza, Irene Taylor Trust, iliyoanza mwaka 1995 kwa kupeleka muziki magerezani, baadaye ilianzisha mpango wa wanamuziki waliokwisha kuachiwa.

Kwaya ina uwezo huo bila fedha nyingi. Aliyezoea kuhesabiwa gerezani huhesabiwa tena mazoezini, ila sasa kwa sauti yake: ya kwanza, ya pili, ya tatu au besi. Asipofika, pengo lake husikika. Haulizwi kesi yake; anatakiwa ashike sauti.

Ugumu uko kwenye sare. Ni rahisi kwenda kuimba gerezani wakati wa Krismasi kuliko kumpokea yuleyule msikilizaji anapobisha hodi mazoezini. Wazee huuliza kwanza habari ya kurudi kundini, na wana haki. Pengine aliyedhulumiwa naye huketi katika usharika uleule. Huyo hapana budi mchungaji amwendee kabla ya mwingine yeyote. Hata hivyo, utaratibu wa Kanisa haukukusudiwa kuwa kifungo cha pili. Mazoezi si madhabahu. Anayesubiri kupokewa aweza kuimba besi jioni ya mazoezi, na sare akaivaa siku yake itakapofika.